Penisilini, enrofloksasini, oksitetrasiklini au jentamisini: sindano ipi kwa sungura gani?

Chupa nne zimepangwa mezani. Mbele yake sungura amejikunyata juu ya taulo, pua imelowa, na manyoya ya miguu ya mbele yamegandamana kwa makamasi aliyokuwa akijifuta usiku kucha. Mwenye sungura anauliza maswali yale yale ninayoyasikia kila mara. Ipi ina nguvu zaidi? Ipi haimuumizi? Na mbona ng'ombe anachomwa hii hii na hafi?

Swali la nguvu silipendi. Dawa inayowamaliza bakteria wa puani huenda ikawamaliza na wale wa tumboni, na sungura bila bakteria wa tumboni hana maisha. Mimi huuliza habari za safari: dawa ikishatoka kwenye ncha ya sindano inaelekea wapi, inakaa muda gani, inatokea mlango gani, na njiani inamkuta nani. Ukishayajua hayo kwa kila chupa, uchaguzi unakuwa mwepesi, na mara nyingi utaona kwamba chupa mbili zote ni nzuri, ila kila moja ina mgonjwa wake.

Tumbo kwanza

Sungura huchachusha chakula chake nyuma, katika utumbo mpofu, yaani ule mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Mfuko huo hubeba kiasi cha asilimia 40 ya vyote vilivyomo tumboni. Humo wamo bakteria wengi mno, sehemu kubwa wakiwa wale wasiotaka hewa. Wao ndio wanaovunja nyuzi za majani na kutengeneza kile kinyesi laini ambacho sungura hukila tena moja kwa moja kutoka mkunduni. Ukiwapunguza hao, nafasi yao huchukuliwa na Clostridium spiroforme, bakteria anayetoa sumu kali. Kinachofuata ni kuharisha maji, mwili kupoa na kifo, pengine ndani ya siku moja au mbili. Na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, kilichokwisha kuingia kimeingia.

Hii ndiyo sababu sindano ina heshima yake kwa mnyama huyu. Dawa ya kumeza hupita kwanza tumboni, ikiwa nzima, kabla ya kufika damuni. Ya sindano huanzia damuni, na kinachofika tumboni ni kile tu kinachovuja kupitia nyongo na kuta za utumbo. Kwa baadhi ya dawa kinachovuja ni kidogo kiasi cha kupuuzwa. Kwa nyingine kinatosha kuua. Kwa hiyo usiseme "nimechoma, sikumnywesha, basi yuko salama" kabla hujajua dawa yenyewe inatokea wapi.

Vigezo

Nitazipima zote nne kwa maswali matano. Inafanya nini pale ilipochomwa? Inafika wapi mwilini: inabaki kwenye damu na majimaji, au inaingia ndani ya seli, na je, inapenya usaha? Inakaa muda gani kabla kiwango chake hakijashuka? Inatokea mlango gani, na tumbo linaonja kiasi gani? Mwisho, inamfaa sungura wa namna gani?

Swali la muda linahitaji neno moja la ziada. Kuna dawa zinazoua kwa kukaa: lazima kiwango chake kibaki juu ya kile kinachomzuia bakteria kwa saa nyingi za siku, hata kama si kikubwa sana. Nyingine huua kwa kishindo: zikipanda juu sana mara moja, bakteria hawarudi upesi hata baada ya dawa kushuka. Penisilini ni ya kundi la kwanza. Jentamisini ni ya la pili, na enrofloksasini iko karibu nayo. Ndiyo maana kugawa dozi moja katika vijisindano vidogo vidogo kunaweza kuisaidia dawa moja na kuiharibu nyingine.

Kuna dawa nimeziacha nje ya ulinganisho kwa makusudi. Linkomisini na klindamisini hazina nafasi kwa sungura, kwa mdomo wala kwa sindano. Ampisilini na amoksisilini nazo ni ndugu za penisilini zenye tabia mbaya: hupitia nyongo zaidi, hivyo hata zikichomwa hufika tumboni. Ukiona chupa ya amoksisilini ya mifugo mingine ukadhani "si ni penisilini tu", irudishe kabatini.

Penisilini

*Pale ilipochomwa.* Hapa lazima tutofautishe, maana jina ni moja ila sura ni tatu. Penisilini ya fuwele ni unga unaoyeyushwa kwa maji, na huingia damuni upesi. Ile ya prokaini ni maziwa mazito meupe, chembechembe zinazoelea, na huachia dawa polepole kwa takriban siku nzima. Ya benzathini huachia polepole zaidi, kwa siku kadhaa, lakini kiwango chake damuni huwa chini. Hizo mbili nyeupe lazima zitikiswe vizuri kabla ya kuvutwa, vinginevyo sungura wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata tope. Huziba sindano nyembamba mno. Kamwe zisiingie mshipani: chembe hizo zikiingia kwenye mkondo wa damu zinaweza kumuua mnyama mkononi mwako. Vuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma. Ukiona damu, toka, anza upya mahali pengine.

*Inafika wapi.* Husambaa katika damu na majimaji yaliyo kati ya seli, haiingii vizuri ndani ya seli. Huwakamata vizuri bakteria wa aina ya streptokoki, wengi wa wasiotaka hewa, Treponema wa kaswende ya sungura, na mara nyingi Pasteurella. Bordetella, mwenzake Pasteurella katika mafua ya sungura, kwa kawaida haimtishi.

*Inakaa muda gani.* Ile ya fuwele haikai. Hili lilijulikana mapema sana: Alexander Fleming alipoitangaza penisilini mwaka 1929, sungura alikuwa miongoni mwa wanyama wa kwanza kuchomwa mchuzi wake, na ilionekana haimdhuru kuliko mchuzi mtupu. Lakini katika maabara hiyo hiyo ilionekana pia kwamba nusu saa tu baada ya sindano ya mshipani, damu ya sungura ilikuwa imepoteza karibu uwezo wote wa kuua bakteria. Figo zilikuwa zimeshaitoa. Ugunduzi huo wa pili ulikatisha watu tamaa, na si ajabu. Dawa inayoua kwa kukaa, halafu haikai! Prokaini na benzathini zilikuja baadaye kutatua tatizo hilo hilo: hazikuzuia figo kufanya kazi, zilichelewesha dawa kutoka kwenye msuli.

*Mlango na tumbo.* Karibu yote hutoka kwa figo, ambazo huisukuma kwa nguvu kwenye mkojo. Kidogo hupitia nyongo. Hapa ndipo penisilini inaposhangaza watu: kwa mdomo ni sumu kwa sungura, kwa sindano huvumiliwa na walio wengi. Nimesema walio wengi. Anayeianza aangalie kinyesi kila asubuhi, na nyasi kavu zisikatike. Wala asimruhusu sungura kulamba dawa iliyodondoka kwenye manyoya, kwani hapo ameigeuza kuwa ya kumeza. Mimi hubana ngozi kwa vidole sekunde kadhaa baada ya kuchomoa sindano, kisha nafuta kwa pamba yenye maji.

*Inamfaa nani.* Kwanza, mwenye kaswende ya sungura, yule mwenye magamba puani, midomoni na sehemu za siri. (Ugonjwa huu haumpati binadamu, mwenye sungura asione haya kuuliza.) Kwake hutumika yuniti 42,000 hadi 84,000 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, na wote walioishi naye hutibiwa pamoja. Pili, mwenye jipu la taya linalotokana na mzizi wa jino, ambako wasiotaka hewa ni wengi. Haimfai sungura ambaye tumbo lake tayari limeyumba. Na haikufai wewe mchomaji kama una mzio wa penisilini, maana sungura anaporuka sindano huishia kwenye kidole.

Tahadhari moja kuhusu chupa za mchanganyiko wa penisilini na streptomisini, ambazo ziko kila mahali palipo na mifugo. Ukipiga hesabu kwa upande wa penisilini, streptomisini inakuja bila kualikwa, na hiyo ni ndugu ya jentamisini kwa madhara ya figo na masikio. Kwa sungura mdogo mchanganyiko huo sioni faida yake.

Enrofloksasini

*Pale ilipochomwa.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na nianze na nilichokiona. Sungura wa kilo 2 alikuwa amechomwa chini ya ngozi, ubavuni, mahali pale pale kwa siku tano mfululizo. Siku ya sita nilipopapasa nilikuta ngozi ngumu kama kipande cha kiatu kikavu, ukubwa wa sarafu. Wiki iliyofuata kipande hicho kilibanduka, chini yake kidonda chekundu. Mafua yalikuwa yamepona kabisa. Dawa hii ya sindano ni kali kwa sababu huyeyushwa katika maji yenye magadi mengi, na magadi hayo huunguza nyama. Kwenye msuli huacha sehemu iliyokufa, na wakati mwingine jipu lisilo na bakteria hata mmoja. Dawa yake ni kuizimua kwa maji ya chumvi ya hospitali kabla ya kuichoma chini ya ngozi, kubadili mahali kila siku, na kutoendelea na sindano kwa muda mrefu.

*Inafika wapi.* Karibu kila mahali. Ujazo wa msambao wake, yaani kipimo cha jinsi dawa inavyotawanyika mwilini, kwa sungura huzidi lita 2 kwa kila kilo ya mwili. Ukisikia namba kubwa kuliko maji yote yaliyomo mwilini, maana yake ni kwamba dawa haibaki damuni, imezama kwenye nyama: mapafu, figo, ini, ndani ya seli zenyewe. Sehemu yake hugeuzwa mwilini kuwa siprofloksasini, ambayo nayo ni dawa kamili, hivyo mnyama anapata mbili kwa sindano moja. Huwapata vizuri Pasteurella na Bordetella. Wasiotaka hewa huwapita tu.

*Inakaa muda gani.* Ikichomwa kwenye msuli, kiasi cha tisa ya kumi hufika damuni. Ikimezwa ni kama sita ya kumi, na chini ya ngozi huwa katikati ya hizo. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao kiwango damuni hushuka kwa nusu, ni kati ya saa 2 na 2.5. Ni mfupi, lakini kwa kuwa huua kwa kishindo na hubaki kwenye nyama, dozi moja au mbili kwa siku hutosha. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo.

*Mlango na tumbo.* Hutoka kwa figo na kwa nyongo, kwa hiyo tumbo linaionja. Ila haliumii sana, kwa sababu wenyeji wa utumbo mpofu ni hao hao wasiotaka hewa ambao dawa hii haiwajali. Ndiyo maana inaweza hata kumezwa. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mfugaji alielewe: kinachoifanya enrofloksasini iwe salama tumboni ndicho kinachoifanya ishindwe kwenye jipu la taya. Bakteria wa jipu hilo na bakteria wa utumbo mpofu ni wa hulka moja. Ukimhurumia mmoja, umewahurumia wote. Penisilini iko upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye mafua mazito au nimonia, mwenye sikio la ndani lililoshambuliwa hadi shingo imepinda, na yule anayehitaji tiba ya wiki nyingi: aanze kwa sindano siku ya kwanza au ya pili kiwango kipande upesi, kisha aendelee kwa mdomo kuinusuru ngozi. Usimwahidi mtu kwamba Pasteurella atatoweka. Mara nyingi dalili huisha naye akabaki amejificha ndani ya pua. Sungura wachanga wanaokua waachwe kama kuna njia nyingine, kwa sababu kundi hili la dawa linaweza kuharibu gegedu za viungo vyao. Tena ni kundi linalohitajika sana kwa tiba ya binadamu. Kuitumia kwa kila chafya ni kuzalisha usugu.

Oksitetrasiklini

*Pale ilipochomwa.* Huchoma, hasa ile ya kukaa muda mrefu yenye asilimia 20. Kiyeyusho chake kimetengenezwa ili dawa igande kidogo kwenye msuli na kuachia polepole. Kwenye paja la ng'ombe hilo ni tone baharini. Kwenye paja la sungura ni uvimbe na kuchechemea.

*Inafika wapi.* Huingia vizuri kwenye nyama na ndani ya seli, hivyo huwapata hata klamidia, bakteria wanaojificha humo, na mycoplasma, bakteria wasio na ukuta. Hushikana na kalsiamu, ikaenda kukaa kwenye mifupa na meno yanayokua. Watafiti hulitumia jambo hilo: humchoma sungura tetrasiklini, na baadaye hutazama mfupa chini ya mwanga wa urujuanimno, ambako siku ya sindano huonekana kama mstari wa manjano unaong'aa. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, basi fikiria.

*Inakaa muda gani.* Hapa ndipo panapokosewa zaidi. Maandishi ya chupani yanayosema sindano moja inatosha siku tatu yametokana na ng'ombe, nguruwe na kondoo. Sungura huisafisha upesi zaidi, kwa hiyo usihamishe ahadi ya ng'ombe kwenye mwili wa kilo 2. Ya kawaida humlazimu mtu kurudia zaidi ya mara moja kwa siku, na huo ni usumbufu kwa mnyama na kwa mchomaji. Isitoshe, dawa hii haiui. Inawazuia bakteria kuzaana, na kazi ya kuwamaliza inaachiwa kinga ya mwili. Sungura aliyechoka kabisa hana kinga ya kukopesha. Kwa sababu hiyo hiyo haichanganywi na penisilini, ambayo huwapata bakteria wanapozaana: moja inawasimamisha, nyingine inawangoja watembee.

*Mlango na tumbo.* Hutoka kwa figo na kwa nyongo. Inayopita kwenye nyongo huingia utumboni, na sungura anapokula kinyesi chake laini anaweza kuirudisha tena. Dozi ya miligramu 15 kwa kilo huvumiliwa na wengi. Ukiiongeza maradufu tarajia sungura aliyeacha kula na kinyesi kilicholegea.

*Inamfaa nani.* Kundi lenye mafua ya kawaida ambapo kipimo kimeonyesha bakteria wanaisikia, yaani dawa inawaweza, na pale mycoplasma au klamidia anaposhukiwa. Haimfai jike mwenye mimba, watoto wanaokua, wala mwenye figo dhaifu. Nikisema ukweli, kati ya nne hizi ndiyo ninayoichagua mara chache zaidi, na watu wengi huichagua kwanza kwa sababu tu ipo kabatini.

Jentamisini

*Pale ilipochomwa.* Maji matupu, haina ukali. Huingia damuni karibu yote, upesi.

*Inafika wapi.* Hupenda maji, huchukia mafuta, basi hubaki damuni na kwenye majimaji ya nje ya seli. Ujazo wake wa msambao hauzidi nusu lita kwa kilo. Linganisha na ile ya enrofloksasini. Haiingii kwenye ubongo wala kwenye seli za kawaida, na kwenye jipu haina kazi kabisa, kwa kuwa inahitaji hewa ya oksijeni ili iweze kupenya ndani ya bakteria, na jipu halina hewa. Lakini kwa bakteria wagumu kama Pseudomonas, ambao penisilini ya kawaida haiwagusi, ni silaha ya kweli. Tena hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye magadi, na mkojo wa sungura ni wa namna hiyo.

*Inakaa muda gani.* Damuni, nusu-maisha ya takriban saa moja. Kwenye figo, hadithi nyingine: seli za vijifereji vyake huimeza na kuihifadhi siku nyingi baada ya damu kusafika. Huua kwa kishindo, ndiyo maana dozi moja nzima kwa siku ni bora kuliko kuigawa mara tatu. Figo hupata nafasi ya kupumua.

*Mlango na tumbo.* Mlango ni mmoja, figo. Tumbo haliguswi karibu kabisa. Ukitazama utumbo mpofu peke yake hii ndiyo sindano mpole kuliko zote, ila gharama inalipwa na figo na masikio. Sungura mgonjwa huwa hajanywa maji, na figo kavu ndizo zinazoharibika upesi. Wakati mwingine dalili ya figo kuharibika ni hii tu, kwamba kizimba kimelowa kuliko kawaida na chupa ya maji inaisha mapema.

*Inamfaa nani.* Sungura aliye chini ya uangalizi wa daktari, anayepewa maji chini ya ngozi au mshipani, mwenye bakteria aliyepimwa na kuonekana anaisikia jentamisini. Siku chache tu. Kwa kizimba cha nyumbani bila vipimo vya figo, singeianza.

Mkono unaochoma

Tofauti za dawa hazina maana kama kipimo kimekosewa, na kwa sungura kukosea ni rahisi mno. Chukua sungura wa kilo 2.5 na oksitetrasiklini ya asilimia 20, yaani miligramu 200 katika mililita moja. Dozi ya miligramu 15 kwa kilo ni miligramu 37.5, sawa na mililita 0.19. Kwenye bomba la mililita 1 unaweza kuiona, kila kistari kidogo ni miligramu 2. Kwenye bomba la mililita 5, ambalo vistari vyake hupishana kwa mililita 0.2, dozi nzima haifiki hata kistari cha kwanza, na ukizidisha kistari kimoja umeshapita maradufu. Mpime kwa mizani, usimkadirie kwa macho. Manyoya hudanganya.

Chini ya ngozi, kwenye ngozi legevu ya mabegani au ubavuni, ndipo mahali rahisi kwa asiye daktari. Dawa huingia polepole kidogo, na nafasi ni kubwa. Kwenye msuli, tumia ule wa pembeni mwa uti wa mgongo kiunoni au wa mbele ya paja, usiende nyuma ya paja ulipopita mshipa mkubwa wa fahamu. Na shika makalio yake imara. Miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu kuliko uti wake wa mgongo, na akirusha teke moja hewani anaweza kuuvunja mwenyewe. Tumeshuhudia wagonjwa wa mafua wakipooza kwa namna hiyo.

Ukiwa njia panda

Mafua yaliyoshuka kifuani, anahema kwa shida, hujapata majibu ya maabara: ningeanza na enrofloksasini iliyozimuliwa, kisha ya mdomo. Kama ni mtoto anayekua, zungumza na daktari kuhusu mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, ambao tumbo la sungura huuvumilia.

Jipu gumu la taya au la shavu: penisilini ya sindano, lakini kisu kwanza. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hauchuruziki, na hakuna hata moja kati ya hizi nne inayoupenya ipasavyo. Lisiposafishwa utachoma mwezi mzima bure.

Magamba ya puani na sehemu za siri: penisilini mara tatu, wiki kwa wiki, bila kujaribu nyingine.

Kidonda au sikio lenye usaha wa kijani unaonuka, na kipimo kimetaja Pseudomonas: jentamisini chini ya daktari, maji yakiendelea, au enrofloksasini kama kipimo kinaonyesha anaisikia. Figo zikitiliwa shaka, ya pili hupewa kipaumbele.

Jike mwenye mimba au anayenyonyesha: oksitetrasiklini itoke kwenye orodha. Enrofloksasini na jentamisini zihitaji sababu nzito. Penisilini hubaki, na tumbo lake litazamwe kwa karibu zaidi.

Sungura wa kuliwa: nyingi ya chupa hizi hazikuandikiwa sungura, hivyo siku za kusubiri kabla ya kuchinja lazima ziwekwe na daktari, wala zisikisiwe kwa kusoma mstari wa ng'ombe. Benzathini, oksitetrasiklini ya muda mrefu na jentamisini iliyojificha kwenye figo ndizo zinazobaki mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mahali penye sheria inayokataza dawa fulani kwa wanyama wa chakula, hilo linamaliza mjadala.

Na yule aliyeanza sindano juzi, leo asubuhi hajagusa nyasi, punje za kinyesi zimekuwa ndogo au zimegeuka uji: usichome dozi ya leo kwanza. Mpigie daktari saa hiyo hiyo, kabla ya jioni, na chupa iwe mkononi ili umsomee jina lake.